Feni Haikimbii Bila Kutumwa

Mtu anayepiga video za harusi na mazishi huku Nyacheki ana mzigo ambao wateja wake hawauoni. Mazishi ya siku moja, yakirekodiwa kwa kamera mbili tangu mwili unapotoka mochari mpaka watu wanapotawanyika jioni, yanaweza kumwachia zaidi ya gigabaiti 100 za picha na sauti. Familia inapewa flashi, inalipa, inashukuru. Miaka mitatu baadaye, kijana aliyekuwa kazini Qatar siku ile anarudi nyumbani na kuulizia hotuba ya mjomba wake. Flashi ilipotea zamani, na mjomba naye hayupo tena. Mpiga video aliyetunza kazi yake anamjibu, "Njoo kesho uichukue."

Hitaji hilo ndilo lililoingiza katika baadhi ya sebule za Kisii na Nyamira kisanduku kidogo chenye taa za kumetameta. Ndani yake mna diski mbili au nne, kompyuta ndogo ya kuziendesha, na feni moja au mbili upande wa nyuma. Kinaunganishwa na ruta kwa waya, kisha kila simu na kila kompyuta ya nyumba ile inaweza kuweka faili zake humo na kuzichukua. Mafundi hukiita NAS. Katika sura hii nitakiita kisanduku tu. Wapiga video hawako peke yao. Nimekiona kikitunza hesabu za chama, mitihani ya walimu, na nyimbo za kwaya ambazo zilikuwa hazijatoka.

Kisanduku hukaa sebuleni kwa sababu ruta iko sebuleni. Miezi ya kwanza hakuna anayekisikia. Kisha siku moja feni inaanza kuvuma, sauti inapanda, na haishuki tena. Watu wanaongeza sauti ya televisheni. Baada ya wiki moja mwenye nyumba amebuni suluhisho lake: kila usiku anachomoa plagi ukutani, kila asubuhi anairudisha. Hapo ndipo hatari inapoingia, kwa sababu diski zinakatiwa stima zikiwa katikati ya kuandika, na ile kazi ya kunakili faili iliyopangwa ifanyike saa nane za usiku haifanyiki tena. Nimeshaletewa kisanduku ambacho feni yake ilikuwa nzima kabisa na faili zake zimevurugika. Kelele ilimfanya mwenyewe akizime vibaya usiku baada ya usiku. Kwa hiyo naichukulia feni yenye kelele kama ugonjwa wa kumbukumbu zilizomo ndani, na nadhani kila fundi afanye hivyo.

Kabla ya kushika bisibisi, lipime wazo ambalo kila mtu hulitoa kwanza: kwamba kisanduku kina joto. Nyacheki iko Bobasi, kwenye vilima vya chai na migomba, si mbali na mpaka wa Trans Mara. Mji wa Kisii wenyewe uko takriban mita 1700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai huku mtu havui sweta mpaka saa nne. Chumba kisichopigwa na jua moja kwa moja hubaki na ubaridi wake sehemu kubwa ya siku. Diski nyingi za kawaida zimeundwa zifanye kazi mpaka karibu nyuzi 60 za selsiasi. Mombasa, ambako chumba chenye nyuzi 31 mwezi wa Machi hakimshangazi mtu, feni ina sababu ya kuhangaika. Huku kwetu sababu hiyo ni dhaifu tangu mwanzo.

Ipo hoja moja ya kweli upande wa pili, na fundi mwangalifu lazima aipe haki yake. Hewa ya milimani ni nyepesi. Kwenye mita 1700, uzito wa hewa katika ujazo uleule umepungua kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Feni inayozunguka kwa mwendo uleule inasukuma ujazo uleule, ila ujazo huo unabeba joto pungufu. Diski ambayo pwani ingezidi joto la chumba kwa nyuzi 12, huku inaweza kulizidi kwa nyuzi 14. Tofauti ya nyuzi mbili haiikimbizi feni usiku kucha. Na diski zenyewe hazina wasiwasi na vilima hivi: watengenezaji huziwekea kikomo cha mita 3048, kwa kuwa kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa kubebwa na hewa, kwa pengo la nanomita chache tu. Nyacheki iko chini sana ya kikomo hicho.

Hata joto lenyewe limeogopwa kupita kiasi. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha uchunguzi wao wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa zikitumika katika kampuni hiyo. Wengi walitarajia kuona kwamba kadiri diski inavyopata joto ndivyo inavyokufa mapema. Uhusiano huo haukuonekana katika viwango vya kawaida. Ulijitokeza kwenye joto la juu sana na kwa diski zilizokwisha kuzeeka. Diski yenye nyuzi 40 haiko hatarini kwa sababu ya hizo nyuzi 40. Mwenye kisanduku akilijua hilo, hataogopa kuiruhusu feni yake izunguke polepole.

Basi kama si joto, nini? Jibu langu limekuwa lilelile kwa muda mrefu: feni haijiamulii mwendo. Ama imetumwa ikimbie na mtu mwingine, ama imekosa anayeiambia ipunguze. Kazi ya fundi ni kumtafuta huyo anayetuma, na njia ya kumfikia imechorwa kwenye nyaya zake.

Igeuze feni uangalie nyaya. Feni nyingi za visanduku hivi ni za volti 12, na aina ninayoieleza hapa ina nyaya nne. Mmoja ni wa ardhi, wa pili unaleta umeme. Wa tatu ni wa kuhesabu: feni yenyewe inautumia kutoa mapigo mawili kila inapomaliza mzunguko mmoja, ili kompyuta ijue inazunguka kwa kasi gani. Feni yenye mizunguko 1500 kwa dakika inazunguka mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo kompyuta inapokea mapigo 50 kila sekunde. Wa nne ni waya wa amri. Kompyuta inaufungua na kuufunga karibu mara 25,000 kwa sekunde, na sehemu ya muda ambao waya uko wazi ndiyo inayoiambia feni ikimbie kiasi gani.

Shika jambo hili moja kuhusu waya wa nne, maana kesi nyingi huishia hapo: usipopokea amri yoyote, feni inakimbia kwa nguvu zake zote. Waliounda kanuni ya feni za nyaya nne walikusudia hivyo. Waliona ni afadhali kifaa kipige kelele kuliko kiungue kimyakimya kwa sababu ya waya uliokatika. Kwa hiyo pini iliyolegea, waya uliobanwa na kifuniko, au kutu kwenye plagi inatosha kuigeuza feni tulivu kuwa kero ya nyumba nzima, bila nyuzi hata moja ya joto kuongezeka.

Waya wa tatu nao una namna yake ya kudanganya. Ukikatika, feni inaendelea kuzunguka vizuri, lakini kompyuta inasoma sifuri. Kompyuta inayosoma sifuri inaamini feni imekufa. Baadhi ya visanduku hulia king'ora, vingine huongeza amri mpaka mwisho vikijaribu kuifufua, na vingine hujizima ili kuokoa diski. Mwenye nyumba anaona feni inayokimbia na ujumbe unaosema feni haizunguki, na anahisi kifaa kimechanganyikiwa. Kifaa kiko timamu, kimepotezewa habari.

Ndiyo maana naanza kwa maswali, na natumia muda mrefu kwenye maswali kuliko kwenye bisibisi.

"Mwalimu, ilianza ghafla ama ilipanda pole pole?"

"Ghafla, fundi. Stima ilipotea na ile mvua ya Jumanne, iliporudi hii kitu ikaanza kulia hivi."

"Na kuna mtu alikuwa amekifungua kabla ya hapo?"

"Hapana. Hata vumbi hatujapanguza."

Majibu hayo yamenipa nusu ya kazi. Kelele iliyopanda kidogokidogo kwa miezi huashiria vumbi au beringi. Iliyoanza ghafla baada ya kifaa kufunguliwa huashiria plagi au feni isiyofaa. Iliyoanza ghafla baada ya radi huelekeza macho kwenye ubao wenyewe, na Kisii ni nchi ya radi. Mvua ya alasiri inayotoka upande wa Ziwa Victoria huja na ngurumo karibu mwaka mzima. Na kama kisanduku kilisasishiwa programu yake wiki hiyohiyo, huenda mpangilio wa feni ulirudishwa kwenye hali ya kasi kamili, na tiba ikawa ni kufungua ukurasa wa kifaa na kuchagua hali ya utulivu. Visanduku vya Synology, kwa mfano, huwa na chaguo la kasi kamili, la kupoza na la utulivu. Kwa hali ya hewa ya huku, mimi huanza na la utulivu, kisha naangalia joto kwa siku kadhaa.

Baada ya maswali, sikiliza. Kukimbia na kukwaruza ni vitu viwili, na tiba zake hazifanani. Mvumo mpana unaofanana na upepo mkali ni kasi. Mkwaruzo, au mlio mwembamba unaobadilika ukikilaza kisanduku ubavu, ni beringi. Tiki-tiki ya mfululizo ni waya au utepe unaoguswa na mabawa. Mtetemo unaonyamaza ukiweka kiganja juu ya kifuniko ni skurubu iliyolegea au mpira wa kushikia uliokauka.

Kasi ina hesabu yake, na hesabu hiyo inatia moyo. Feni ikizunguka mara mbili ya mwendo wake, inasukuma hewa mara mbili, lakini inakula umeme karibu mara nane, na kelele yake inapanda kwa desibeli 15 hivi. Sikio la mtu huhisi nyongeza ya desibeli 10 kama sauti iliyozidi maradufu. Soma hesabu hiyo kinyumenyume: ukiipunguza kasi kwa theluthi moja tu, umepoteza theluthi ya hewa na umeondoa karibu desibeli tisa. Mara nyingi familia haihitaji feni mpya. Inahitaji ile ile, ikiwa imepunguzwa kidogo.

Sasa tuje kwenye kipimo ninachokipenda kuliko vyote, nacho kinafaa zaidi mahali penye asubuhi baridi kama Nyacheki. Zima kisanduku jioni kwa utaratibu, kupitia ukurasa wake au kwa kubonyeza kitufe chake, si kwa kuchomoa plagi. Kiache kilale. Asubuhi mapema, kabla hakijapata nafasi ya kupata joto, kiwashe na ufungue ukurasa wa hali ya kifaa mara unapopatikana. Vitu vyote vilivyo ndani vimelala katika baridi moja usiku kucha, kwa hiyo namba za joto zinapaswa kukaribiana, zote zikiwa juu ya joto la chumba kwa nyuzi chache tu. Ikiwa chumba kina nyuzi 17, diski ya kwanza inasema 20, ya pili inasema 21, na kipimo cha ubao kinasema 74 wakati ubao ukiguswa ni baridi, umempata mwongo. Kompyuta inamwamini, na inaituma feni mbio kwa ajili ya moto ambao haupo. Baadhi ya vipimo vilivyokufa hutoa namba za ajabu kama 127 au 255, na hizo hazihitaji hata asubuhi kuzitambua.

Sikiliza pia sekunde za kwanza za kuwasha. Visanduku vingi huipa feni nguvu zote kwa muda mfupi, kisha kompyuta inapoamka inachukua usukani na sauti inashuka. Ikishuka, waya wa amri unafanya kazi, na tatizo liko kwenye mpangilio au kwenye kipimo cha joto. Isiposhuka kabisa, anza na plagi na waya. Anayeweza kuingia kwenye kisanduku kwa laini ya amri, na vingi huendeshwa na Linux, atakuta kwenye folda ya /sys/class/hwmon kasi ya feni, joto, na amri yenyewe ikiwa namba kati ya 0 na 255. Amri ikisema 80 na feni inapiga mizunguko ya juu kabisa, ujumbe hauifikii feni. Amri ikisema 255, ujumbe unafika vizuri, na aliyeutuma yuko kwenye programu. Programu ya smartctl itakupa joto la kila diski moja moja, jambo la maana, kwa kuwa diski moja yenye joto inaweza kuburuta feni nzima.

Kuna aina ya kero ambayo si kukimbia tu wala kukwaruza: feni inayopanda na kushuka, kupanda na kushuka, kila baada ya dakika moja. Wengi wanaona hii ni mbaya kuliko mvumo wa kudumu, nami nakubaliana nao, kwa sababu sikio haliwezi kuizoea. Chanzo chake huwa ni mpangilio uliowekewa mpaka mmoja tu. Diski ikifika nyuzi 42 feni inakimbia. Ikishuka hadi 41 feni inatulia. Joto linarudi 42, na mchezo unaanza upya, kama dereva wa matatu anayekanyaga mafuta na breki kwa zamu. Weka mipaka miwili iliyoachana: ianze kuongeza kwenye 45, isipunguze mpaka ifike 40. Kama programu ya kifaa haikuruhusu kubadilisha mipaka, chagua hali moja isiyobadilika.

Vumbi nalo lipo, na sikusudii kulidharau. Barabara za murami huleta vumbi jekundu kiangazi, na mahali jiko la kuni liko karibu, moshi unalipa vumbi hilo gundi. Masizi yenye mafuta hushika kwenye ukingo wa mbele wa kila bawa, na tabaka lisilo sawa huifanya feni itetemeke. Matundu ya mbele yakizibwa, diski zinapata joto la kweli na feni inakimbia kwa haki.

Ukienda kusafisha, nakili kwanza faili zisizoweza kupatikana tena kwenye diski nyingine. Zima kwa utaratibu, chomoa plagi, subiri taa zote zife. Kama itabidi kutoa diski, ziandike namba kwa kalamu ya rangi kabla ya kuzivuta, 1, 2, 3, 4, na uzirudishe hivyohivyo. Visanduku vingine vinazitambua hata zikichanganywa, lakini siyo siku ya kujaribu. Tumia brashi laini ya rangi, mpya na kavu. Unapopuliza hewa, zuia mabawa yasizunguke kwa kuyashika na kijiti cha plastiki. Hewa ya kompresa, ile ya kujazia matairi, inaweza kuizungusha feni kuliko beringi yake ilivyoundwa kuhimili, na mota inayozungushwa hivyo huzalisha umeme unaorudi kwenye ubao. Isitoshe, hewa ya kompresa za barabarani mara nyingi ina maji ndani. Masizi yanayong'ang'ania yafute kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo, na uache kila kitu kikauke.

Beringi ni hadithi fupi zaidi. Feni za bei nafuu huzunguka ndani ya bomba dogo la shaba lililolowa mafuta. Mafuta yakikauka, zinakwaruza. Unaweza kubandua lebo ya katikati, kutia tone moja la mafuta ya cherehani, na kuifunga tena kwa utepe usiopitisha hewa. Tone moja, si matatu. Yakizidi yatarushwa kwenye mabawa na kukusanya vumbi. Itakusaidia wiki kadhaa, pengine miezi, muda wa kutosha kuagiza feni mpya. Feni zenye beringi za gololi haziponi kwa njia hii.

Wakati wa kununua nyingine ndipo watu wanapojitengenezea tatizo jipya. Feni za kompyuta za mezani zinapatikana Kisii mjini, na fundi anaweza kuagiziwa nyingine kutoka maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, zikaja na gari la asubuhi. Lakini feni inayoingia kwenye tundu si lazima iwe feni inayofaa. Pima upana, visanduku vingi vya diski mbili hubeba ya milimita 92, lakini zipo za 80 na za 120. Pima unene. Soma volti na ampea kwenye lebo, na usinunue inayovuta ampea nyingi kuliko ya zamani. Angalia mshale wa mwelekeo wa hewa, kwa sababu feni iliyogeuzwa itasukuma hewa ndani badala ya kuivuta nje. Kisha hesabu nyaya. Ukifunga feni ya nyaya tatu kwenye kisanduku kinachoamuru kwa waya wa nne, hakuna wa kupokea amri, na utakuwa umelipa pesa kununua kelele ileile.

Jihadhari pia na feni tulivu kupita kiasi. Kompyuta ya kisanduku ina mizunguko ya chini kabisa inayoikubali. Feni inayozunguka chini ya hapo inahesabiwa kuwa imekufa, na king'ora kinaanza. Ndiyo sababu siipendi ile mbinu ya kuweka rizista kwenye waya wa umeme ili kupunguza kasi. Inaweza kuifanya feni isianze kuzunguka kabisa siku ya baridi. Mpangilio wa nyaya kwenye plagi nao ulinganishe kwa makini, waya kwa waya. Kuna watengenezaji waliobadilisha nafasi za pini, na volti 12 zikiingia kwenye pini ya kuhesabu zinaweza kuua ubao.

Mipira ya kushikia feni irudishwe yote minne. Mtetemo una madhara kwa diski pia. Desemba 2008, Brendan Gregg, mhandisi aliyekuwa Sun Microsystems, alirekodiwa akizipigia kelele diski zilizokuwa zikifanya kazi, na grafu ikaonyesha papo hapo muda wa kusoma na kuandika ukiongezeka. Kama sauti ya mtu inaweza kuyumbisha vichwa vya kusomea, feni yenye bawa lililovunjika, iliyofungwa kwa skurubu kwenye chuma kilekile kinachobeba diski, haifai kuachwa hapo mwaka mzima.

Inabaki ile kesi ya mwalimu ambaye stima yake ilipotea na mvua ya radi. Feni ni safi, plagi imekaa, joto la asubuhi linakubaliana, programu inasema amri ni 80, na bado mvumo ni uleule. Chukua mita, iweke kwenye volti za DC, na upime pini ya nne feni ikiwa imechomekwa, ncha moja ikiwa kwenye ardhi. Badilisha hali ya feni kwenye ukurasa wa kifaa kutoka kasi kamili hadi utulivu. Namba ya mita inapaswa kushuka amri inaposhuka. Ikibaki imekwama karibu volti 3 au 5 bila kujali unachochagua, transista ndogo inayofungua na kufunga waya ule imeungua, na hakuna mpangilio utakaoifikia feni. Jaribu hali zote kabla ya kutoa hukumu hiyo.

Fundi mwenye chuma kizuri cha solda anaweza kuibadilisha transista hiyo. Asiye nacho ana njia ya pili, nami naipendekeza bila kusita kwa hali ya hewa ya huku: kipande kidogo cha kudhibiti feni, chenye kinobu, kinachozalisha ile amri ya mara 25,000 kwa sekunde. Nyaya za umeme, ardhi na ya kuhesabu zinabaki kwenye ubao, ili kompyuta iendelee kuona kwamba feni iko hai. Waya wa nne pekee unatolewa na kuunganishwa na kile kipande, ambacho nacho lazima kishiriki ardhi moja na kisanduku. Kuanzia hapo wewe ndiye unayetuma. Pwani nisingethubutu kuiacha feni kwenye mwendo mmoja mwaka mzima. Nyacheki, ambako joto la chumba halibadiliki sana toka mwezi hadi mwezi, inawezekana. Kirekebishe kinobu alasiri ya Februari au Machi, wakati kisanduku kiko katikati ya kukagua diski zake zote, maana hapo ndipo zinapopata joto zaidi. Kipandishe polepole mpaka diski yenye joto kuliko zote itulie chini ya nyuzi 45, hakikisha mizunguko inayosomwa iko juu ya kiwango cha king'ora, kisha bandika utepe juu ya kinobu ili mtoto asikizungushe.